Sahani Nyeupe Katika Maji ya Februari

Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Zéphirin Kalonji aliandika mstari mmoja katika daftari la chama cha wavuvi pale Mwadingusha, ukingoni mwa ziwa la bwawa: "Abiria watatu. Mvua. Fundo moja." Daftari bado lipo, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na anayetaka kuliona huonyeshwa. Mwandiko ni wa mtu aliyesoma kwa mapadri, herufi zimelala kulia. Nukta ya mwisho imekandamizwa hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Fundo ni kipimo chake mwenyewe. Anayo sahani ya bati, nyeupe, ile ya kulia bukari, yaani ugali. Aliitoboa katikati, akaifunga kamba yenye fundo kila nusu mita. Kila asubuhi kabla ya kutweka tanga alikuwa akiishusha ziwani polepole, akihesabu mafundo hadi weupe upotee machoni. Mbinu hiyo alionyeshwa mwaka 1988 na Germain, mpima maji wa bwawa. Mwezi wa Julai, upepo wa kiangazi ukivuma sawasawa na mito ikiwa imetulia, sahani ilionekana hadi fundo la saba. Asubuhi ile ya Februari ilipotea kabla fundo la kwanza halijalowa. Zéphirin aliandika moja kwa sababu mtu hawezi kuandika sifuri kisha akasafiri.

Ana miaka hamsini na saba. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yake akawa karani mjini Likasi, na yeye, kijana wa miaka kumi na tisa, akapewa kazi iliyowachekesha wajomba zake wote: kutunza mashua za klabu ya starehe ya wakubwa, kwenye ziwa lililotokana na bwawa. Mkasai wa maji, walimwita. Kuendesha tanga alijifunza kwa macho, akiwa amekaa ukingoni na kopo la rangi mkononi. Novemba 1990 dhoruba ilizamisha mashua moja ya kijani iliyokuwa imetia nanga, bila mtu ndani. Jina lake lilikuwa *Alphonsine*. Miaka mitatu baadaye Wakasai walifukuzwa katika mkoa huu wa shaba, naye akapanda treni na mkewe Bibiane na mtoto wao Ghislain. Waliporudi mwaka 1998, klabu haikuwa na paa. Mashua moja tu ilikuwa imebaki, imelala kwenye majani, tumbo limetoboka. Aliitengeneza kwa miaka mitatu.

Hiyo ndiyo mashua anayowapandishia watu wa mikoba ya mgongoni. Si wengi. Kila kiangazi huja vikundi vitano, sita: watu wanaolala kwenye mahema, wanaobeba miwani ya kuzamia na mabomba ya kupumulia. Safari ni ya siku mbili. Siku ya kwanza huvuka ziwa kwa tanga na kulala kisiwani. Siku ya pili huzama kumwona *Alphonsine*, mita tatu chini, kwenye mchanga mweupe, jina lake likiwa bado linasomeka na samaki wadogo wakipita dirishani. Waliomwona hawakumsahau. Picha nzuri ya kuwaonyesha wengine, hata hivyo, hakuna aliyewahi kuipiga.

Julai 2023 alikuja Estelle, mfanyakazi wa wakala mmoja wa safari wa Lubumbashi. Alisimama kwenye mashua na kuitazama sahani ikishuka. Fundo la sita, la saba. Akaandika: mita tatu na nusu. Alisema atarudi na watu wa kupiga filamu chini ya maji, na filamu ikitoka vizuri, ziwa litaingia katika programu mpya ya wakala.

Chama cha wavuvi kilisikia habari hiyo na kikatoa masharti yake. Mahali Zéphirin anapoegesha mashua ndipo wanapotaka kujenga vichanja vya kukaushia samaki. Wameshasubiri miaka miwili. Wakala akilikubali ziwa, mashua itabaki, maana wageni watakula samaki wao. Asipolikubali, mashua itaondoka kabla ya Pasaka.

Basi Estelle akaahidi Novemba. Novemba akasema baada ya uchaguzi. Januari akapiga simu: je, Februari inawezekana? Zéphirin alikuwa amekaa nje ya nyumba yake Kikula, mtaa wa Likasi, mvua ikigonga bati.

"Hakuna tatizo, mama," alisema.

Bibiane alikuwa mlangoni, akichagua mchicha. Alingoja hadi simu ikatwe, kisha akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Février, Papa Ghislain? Weye njo unajua maji ya février."

"Nikisema hapana, hatarudia tena."

"Na akiona matope, atarudia?"

Zéphirin aliifuta simu kwa shati, ingawa haikuwa imelowa.

"Casimir ameuliza tena," Bibiane alisema. Casimir ni kaka yake Bibiane, msimamizi wa lango kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe. "Anasema ile nafasi ingali. Kukaa na kuandika tu. Hata miguu haitalowa."

"Vumbi ya kule inaingia mpaka mu mkate."

"Na hii maji yako inaingia wapi?"

Wageni walifika Mwadingusha Ijumaa jioni, gari limejaa matope hadi madirishani. Estelle alikuwa na watu wawili, Rémy na Blandine, vijana wa Lubumbashi wanaotembea nchi nzima na mahema yao na kuweka filamu kwenye mtandao. Asubuhi Rémy aliizunguka mashua mara mbili.

"Papa, njo hii? Minye nilizani iko na moteri."

"Moteri inakunywa. Hii inakula upepo tu."

Blandine alitazama mawingu upande wa kaskazini. "Leo itashiba."

Zéphirin akacheka nao. Alishusha sahani upande wa pili wa mashua, akaipandisha haraka, akaenda kuandika kwenye daftari. Aliporudi, Estelle alikuwa amevaa jaketi la kuokolea na kushika kalamu.

"Leo iko mafundo ngapi, Papa Zéphirin?"

"Kule mbele maji inakuwa muzuri."

Estelle hakuandika kitu. Akafunika kalamu.

Kwa saa nzima upepo ulikuwa wa kutosha, na mashua ilikwenda vizuri. Hilo Zéphirin anataka lijulikane: mashua ilikwenda vizuri. Blandine alishika usukani kidogo, akafundishwa kusikiliza tanga likianza kupigapiga, na akawa na furaha ya kweli. Kisha mvua ikafunga vilima. Mahali alipo *Alphonsine* panapatikana kwa alama mbili: mlingoti wa umeme wa bwawa uonekane katikati ya pengo la kilima. Mlingoti ulionekana. Kilima hakikuonekana. Akahesabu dakika tangu walipopita vigingi vya nyavu, akapiga moyo konde, akatosa nanga.

Blandine alitumbukiza mkono majini. Ulipotea kuanzia kifundo cha kiganja.

"Yaya Rémy," alisema, akimwita kaka kama wanavyoitana huko, "weye utaona pua yako tu."

"Pua yangu iko muzuri, itatosha."

Rémy alivaa miwani, akauma bomba lake lenye ncha ya rangi ya chungwa, akafunga kamera kifuani, akashuka kwa kufuata kamba ya nanga. Alipanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kila alipopanda alitikisa kichwa. Zéphirin alimwelekeza mita mbili kulia, kisha mita tatu nyuma. Alikuwa anaelekeza kwa kumbukumbu, na alijua kwamba waliomo mashuani wanajua.

Mara ya tisa upepo uligeuka. Haukupanda kidogo kidogo. Ulikuja wote kwa pamoja, na mvua ikawa nene hata upande wa pili wa mashua ukafifia. Mashua ilizunguka kwenye nanga yake. Safari hii, wakati Rémy alipopaswa kupanda, hakuwa karibu na kamba. Hakuwa mahali popote walipoweza kuona.

Blandine alimwita. Sauti haikufika mbali. Estelle alitazama saa yake, jambo ambalo baadaye alisema alilifanya bila kujua.

Zéphirin hakutweka tanga. Kwa upepo ule wangepeperushwa na kumwacha nyuma. Alilegeza kamba ya nanga taratibu, ili mashua irudi nyuma upande ule upepo ulikoelekea, kwani mtu naye angesukumwa huko huko. Kisha akachukua sahani, akaanza kuipiga kwenye mlingoti wa mashua. Aliipiga kwa nguvu, mara tatu, kunyamaza, mara tatu tena. Rangi nyeupe ya sahani ilibanduka vipande vipande na kuangukia kwenye magoti ya Blandine.

Zilipita dakika sita. Ncha ya rangi ya chungwa ilitokea nyuma ya mashua, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Walimvuta ndani. Alitapika maji, akakohoa, akakaa huku meno yakigongana. Neno la kwanza alilosema lilikuwa kwa Zéphirin.

"Iko kule, papa. Niliishika."

Akanyoosha mkono. Chini ya kucha tatu palikuwa na rangi ya kijani, laini, iliyooza. Alisema alipapasa ubavu wa mashua na kusoma herufi kwa kidole: P, H, O. Baada ya hapo alipoteza mwelekeo, asijue juu ni wapi na chini ni wapi, hadi aliposikia kitu kinagonga.

Walirudi ukingoni mvua ikiendelea. Kisiwa na mahema hakuna aliyevitaja tena. Ndani ya gari walifungua kamera. Palikuwa na dakika kumi na moja za filamu, na kwenye dakika zote kumi na moja kulikuwa na rangi moja ya kahawia, mara nyeusi kidogo, mara nyekundu kidogo. Waliitazama yote. Rémy aliirudisha nyuma pale alipoona ndipo aliposhika ubavu. Kahawia.

Estelle alimwita Zéphirin chini ya paa la chama. Alimpa kiti kwanza, na hilo lilimwambia Zéphirin mambo yatakavyokwenda.

"Papa Zéphirin, ulifanya kazi leo. Rémy eko nasema bila ile sahani angekuwa kule. Na minye nakuamini ile mashua iko. Lakini rangi ya mu kucha haiwezi kuingia mu programu."

"Murudie mu juillet. Utaona mwenyewe. Ulishaona."

"Juillet programu itakuwa imeshachapwa. Na ile programu ni ya miaka mbili."

"Tarehe ingine haina? Hata mwezi wa tano. Mwezi wa tano maji inaanza kukaa."

Estelle alitazama mvua kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nayo, papa. Nilikuwa na tarehe mbili za kupiga filamu. Moja ya février, moja ya mwezi wa tano. Nilikupigia simu weye wa kwanza. Ulisema février hakuna tatizo. Ile ya mwezi wa tano nikawapatia watu wa maporomoko."

Zéphirin aliigeuza sahani magotini. Estelle akamuuliza sababu.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilizani ukisikia hapana, utakata."

"Ningesema basi tungoje. Njo vile tu."

Alisema hivyo kwa upole, kisha akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama wanavyofanya watu wanapotoka kwenye matanga. Blandine alimpa Zéphirin tochi ya kichwani, zawadi. Rémy alikuwa tayari amelala kwenye kiti cha nyuma, amefunikwa hema. Gari liliondoka saa nane mchana, likateleza mara moja kwenye kona, likapotea.

Osée, katibu wa chama, alikuwa akifunga daftari. Ni mtu mwenye staha, mdogo kwa Zéphirin kwa miaka kumi, na hukaa kwenye meza ile ile kila siku.

"Fundo moja, yaya?"

"Niliandika moja."

"Nimeona." Osée alivuta mpira wa baiskeli, akaufunga mara mbili. "Ule mlingoti wa mashua, ukiwa hauna kazi nao, sisi tunatafuta muti mrefu ya kichanja."

"Tutaongea."

"Si leo. Nimesema tu."

Alifika Kikula Jumapili baada ya misa. Bibiane hakumuuliza kitu. Aliitazama sahani iliyochubuka, akaichukua kutoka mkononi mwake, akaigeuza. Haifai kulia bukari, ina tundu. Haifai kupimia tena, imebaki na weupe wa kiasi cha kiganja, na kwa weupe huo hata Julai itapotea mapema. Akaiweka chini ya bomba la maji ya paa, mahali pa kuzuia matone yasichimbe udongo, na bado ipo hapo.

"Nimwambie Casimir?" aliuliza.

Zéphirin alikubali shingo upande, kwa kuinua nyusi.

Jumamosi Kuu, tarehe 30 Machi, lori litaitoa mashua Mwadingusha na kuileta Kikula, nayo itafudikizwa nyuma ya nyumba. Mlingoti utabaki kwa wavuvi. Jumanne tarehe 2 Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, Zéphirin ataanza kazi kwenye lango la machimbo ya Kakontwe, ambapo ataandika namba za malori yanayotoka na saa yalipotoka.