Maksi Zimepanda, Mtoto Ameshuka

Nyinyi mnaosifia shule kwa sababu inawatumia matokeo kwenye simu kila Ijumaa, mnanichosha. Mnasoma mstari mmoja, mnamgombeza mtoto, basi mnajiona mnafuatilia elimu.

Mama yangu mdogo ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja: kioo, viti viwili, benchi la wanaosubiri na umbea usioisha. Binti yake yuko kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi. Anataka kusomea ufamasia, ila benchi limeshampandisha cheo, linamwita Daktari.

Ijumaa moja simu iliita mama mdogo akiwa katikati ya kichwa cha mtu, mikono imejaa mafuta. Mteja akamsomea ujumbe.

"Mzazi, mwanao ameshuka hadi nafasi ya thelathini na nane. Tafadhali simamia muda wake wa kujisomea."

"Darasa lina wangapi?" akauliza mmoja wa benchi.

"Arobaini," mama mdogo akajibu.

"Mh. Daktari huyo asinichome sindano mimi."

Wakacheka. Mama mdogo naye akacheka, maana mteja ni mteja.

Sasa niambie, asimamie muda gani? Mtoto anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Shuleni kuna vipindi kabla ya vipindi, na vingine baada ya vipindi. Alichobakiwa nacho ni mpira wa pete wa Jumamosi na usingizi. Mama mdogo akachukua vyote viwili. Mpira akaufuta, na alfajiri akawa anamwamsha mapema zaidi ashike daftari.

"Mama, najitahidi kweli."

"Wanaojitahidi wako juu huko."

Mwisho wa muhula ukaja ujumbe mwingine: binti anahamishiwa mchepuo wa sanaa, mzazi afike shule. Nikamsindikiza.

Mwalimu wa taaluma ni kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akageuza kompyuta tuone. Hisabati ilikuwa hamsini na moja, sasa sitini na tatu. Kemia imepanda. Baiolojia imepanda.

Mama mdogo akasogeza kiti. "Mwalimu, si amepanda huyu?"

"Amepanda, mama. Wenzake wamepanda zaidi. Tangu tuongeze vipindi vya jioni, darasa zima limepanda."

"Mbona mliniandikia ameshuka?"

"Nafasi ndiyo imeshuka. Mfumo unatuma nafasi tu."

"Sasa anahamishwa kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Watatu wa mwisho wanahama kila muhula. Ndiyo utaratibu."

"Na darasa zima likifaulu?"

Mwalimu akajikuna shingo. "Hata wakifaulu wote, mama, watatu wa mwisho watakuwepo. Nililisema hilo kikaoni. Nikaambiwa nisilete siasa, shule imepanda."

Mama mdogo akaomba binti apewe muhula mmoja tu. Mwalimu akasema hana mamlaka hayo. Akaomba kuonana na mkuu wa shule. Akaambiwa mkuu yuko kwenye mkutano, na majina yameshapitishwa. Mama mdogo akasaini fomu ya kuhama. Angefanya nini?

Tulikuwa tumekaribia saluni. "Nimemnyima mpira mtoto aliyekuwa anapanda," akasema.

Binti alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu anaanza lini huko, akavua viatu.

"Jumamosi nenda kacheze, mwanangu," mama yake akamwambia.

"Timu ilishapata mwingine, mama."

Siku hizi Jumamosi anakaa saluni, anamchambulia mama yake nywele za bandia. Hana kinyongo, na hilo ndilo linalomuumiza mama mdogo kuliko kama angempigia kelele. Juzi mteja mgeni kaingia, hata hajakaa vizuri, kamwona na daftari pembeni: "Eti we binti, umekuwa wa ngapi?" Mtoto akainamisha kichwa akaendelea kuchambua. Mama yake akawasha mashine ya kukaushia nywele, haikuwa na kichwa ndani.

Nakuomba wewe unayesoma hapa: ukikutana na mtoto wa mtu katoka shule, usimuulize amekuwa wa ngapi.