Sihaba Hakutoa Neno la Siri

Hapa Kibiti kuna watu wakimwona Sihaba binti Zaidi anapita hunong'ona kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Waache wanong'one. Mimi Mashavu nilipika chai kwenye ofisi aliyofanya kazi hapa Kibiti miaka saba, nilikuwapo, na sitaki habari hii isimuliwe na watu ambao hawakuwapo.

Sihaba ni mzaliwa wa Ngorongo. Alijifunza kupiga taipu, akaajiriwa na ofisi moja kule Utete mwaka themanini na nne. Zilipokuja zama za kupunguza wafanyakazi, wakubwa wakasema aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka kwanza. Jalada lake likafunguliwa, likakutwa limeandikwa ameanza kazi mwaka tisini na moja. Mtu kakosea, basi. Sihaba akaapa, akaleta mashahidi, akajibiwa kwamba karatasi ndiyo inayosema, si yeye. Akatolewa, na walioingia nyuma yake wakabaki vitini wakimtazama anavyofunga mkoba. Tangu siku hiyo hatii sahihi kitu kabla hajasoma tarehe. Hata kadi ya harusi ukimpa, ataigeuza mbele na nyuma.

Shirika letu, lililokuwa likitetea wakulima wa delta, ndilo lililomwokota. Akapewa kompyuta. Jenereta ikiwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa tisa, na juu ya paa kulikuwa na dishi la intaneti ambalo kunguru walilipenda kuliko sisi. Tovuti zilikuwa mbili. Ya Kiingereza ilikuwa ya wafadhili, ina picha nzuri. Ya Kiswahili ilikuwa ya Sihaba, ina maneno ya watu.

Maneno hayo aliyafuata mwenyewe. Msimu wa mlau, maji ya mto yakishashuka na watu wakapanda kwenye tope lililobaki, familia huhamia shambani na kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Huko ndiko mzee anakopatikana akiwa na muda. Sihaba alipanda ngazi za madungu hadi akakusanya ushuhuda wa watu mia moja arobaini na watatu wa kijiji cha Nyamkoma, huko delta. Na shahidi wa kwetu haanzi na mpaka wa shamba. Anaanza na nani alifyeka kwanza, akamwoa nani, na mnazi upi ulipandwa siku mtoto yupi alipozaliwa. Sihaba aliandika yote, akarudi Kibiti, akayaweka kwenye tovuti, kila ushuhuda na siku yake. Kazi hiyo aliifanya kati ya mwaka elfu mbili na elfu mbili na mbili. Madaftari yaliachwa kwenye ofisi yetu ndogo ya delta, mafuriko yakaingia, wino ukaondoka wote. Ikabaki tovuti peke yake.

Agosti ya mwaka uliofuata, mwekezaji mmoja akaandika barua kuiomba Nyamkoma achimbe mabwawa ya kufugia kamba. Barua ilisema pale ni pori tupu, hapana mtu. Nilipoisikia nilichemka kama birika langu. Wanakijiji wakapinga, shauri likapangwa kusikilizwa na baraza la ardhi Utete, Aprili mwaka elfu mbili na tano.

Na mwezi mmoja kabla ya shauri ndipo mkurugenzi wetu, Bwana Ismaily, alipoamua tovuti zote mbili zihamishiwe kwenye mfumo mpya, wa kisasa, unaojipanga wenyewe. Akaletwa fundi kutoka Dar, Ashrafu, kijana mwenye simu mbili kiunoni. Jumatatu, tarehe saba Machi, akahamisha shuhuda tano za majaribio, akamwita Sihaba aje kuona. Zilipendeza kweli. Sihaba hakutazama kupendeza.

"Mwanangu, hii tarehe saba Machi kwenye zote tano imetoka wapi?"

"Mfumo wenyewe unaiweka, mama. Siku kitu kinapoingia ndiyo tarehe yake. Usiwe na presha, hakuna anayeangalia tarehe."

"Huyu wa kwanza hapa, Mzee Bushiri, tumemzika mwaka juzi. Unataka aseme leo?"

Ashrafu akacheka. Sihaba hakucheka. Akamweleza polepole kwamba barua ya mwekezaji ni ya mwaka elfu mbili na tatu. Ushuhuda ukionekana ni wa juzi, wakili wake atasema tumeutunga baada ya kusikia habari zake, na watu wa Nyamkoma watahamishwa kutoka kwenye mashamba ya babu zao kwa sababu ya namba moja kwenye kioo.

Ashrafu akakiri kwamba tarehe ya zamani inaweza kuandikwa kwa mkono, moja moja, ila ni kazi ya siku nyingi na mkataba wake unaisha Ijumaa. Bwana Ismaily akasema hana muda wa moja moja. Yahamishwe yote kwa mpigo, tovuti ya zamani ifungwe. Lakini kuyatoa kule kulitaka neno la siri, na aliyekuwa nalo ni Sihaba tu.

"Sitoi," akasema.

"Weye Sihaba ni mwajiriwa hapa."

"Najua. Na wale wa Nyamkoma ni wenye mali. Sitoi."

Jumanne hakutoa, Jumatano hakutoa. Watu ofisini wakaacha kumsalimia, wakaogopa kuonekana naye. Mimi nilimpelekea chai kabla ya wote, na sukari nikamzidishia, makusudi.

Alhamisi Bwana Ismaily akamwita mbele yetu, akamkabidhi barua mbili kwa pamoja. Mkataba wetu wa kazi ulitaka mtu aonywe mara mbili kabla ya kufukuzwa. Barua moja ilikuwa onyo la kwanza, nyingine onyo la pili. Nilikuwa mlangoni na sinia mkononi. Sihaba akavaa miwani, akaanza kusoma pale anapoanzaga.

"Bwana Mkurugenzi, onyo la kwanza lina tarehe kumi na nane Februari."

"Ndiyo."

"Siku hiyo nilikuwa Ngorongo, kwenye arobaini ya mama yangu. Nawe ulikuja. Ulikaa jamvi moja na kaka zangu, ukala pilau, ukaomba na ukoko. Onyo hili ulinipa kabla ya ukoko au baada yake?"

Vikombe viligongana kwenye sinia langu. Niliwaambia watu nilitetemeka kwa hofu. Uongo. Kilikuwa kicheko, na furaha iliyonijaa kifuani hata machozi yakanitoka.

"Kumbe tarehe inaangaliwa," Sihaba akaendelea, sauti ile ile. "Kumbe kazi yake unaijua. Umeirudisha nyuma ili unifukuze mimi mmoja. Nami nakuomba zile za Nyamkoma uziache zilipo, wasifukuzwe watu kijiji kizima."

Bwana Ismaily akatoka nje kwenda kutazama jenereta ambayo haikuwa na tatizo lolote. Ashrafu akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, akakipangusa kwa mkono. "Kaa, mama. Tunaweka moja moja."

Walifanya kazi siku nne, na mbili kati ya hizo Ashrafu alikuwa nje ya mkataba wake. Kila asubuhi Sihaba aliliandika neno la siri mwenyewe, vidole amevifunika kwa kanga. Kijana akamtania kwamba yeye angefaa kulinda benki. Onyo halikutajwa tena.

Kule Utete wakili wa mwekezaji alisimama kwa mbwembwe, akauliza maneno haya yamesemwa lini. Mwenyekiti akafunua karatasi zilizotolewa kwenye tovuti, akasoma kwa sauti: Bushiri, Nyamkoma, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili na moja. Wakili akakaa. Nyamkoma wanapanda mlau wao mpaka leo.

Juni mkataba wa Sihaba ukaisha, na Bwana Ismaily hakutaka kuuongeza. Alimpa barua ya kumuaga, nami nilikuwa pale pale mlangoni. Sihaba akavaa miwani, akaangalia juu ya karatasi, kulia.

"Safari hii umeandika ya leo," akasema. "Umejifunza." Akatia sahihi.