Anza na wako

Juzi nilikuwa kwenye mzani wa kahawa kule Myamba. Mnunuzi, mmoja wa hawa walioletwa na soko huria, alimtania bibi aliyefika na mwanawe na mjukuu wake: "Bibi, wenzako wameng'oa kahawa, wamepanda tangawizi. Nyinyi mnangoja nini?"

Bibi akamnyooshea mwanawe kidole. "Muulize huyu. Bei ilipoanguka alishika jembe ang'oe shamba zima. Kwetu kila mtoto akizaliwa tunampandia mche wake. Nikamwambia sawa, baba, ng'oa, ila anza na wako."

Mwana, mtu mzima mwenye mvi, alicheka mpaka akaegemea gunia. "Na wangu ndio mvivu wa kuzaa kuliko yote! Nikauzunguka weee, nikaishia kuupalilia."

Mnunuzi akamtazama mtoto mchanga mgongoni mwa mjukuu. "Na huyu akikua akataka tangawizi?"

"Ruksa," bibi akajibu. "Mche wake tumeshaupanda. Anajua pa kuanzia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Siku hizi kila kitu ruksa, sikatai. Ila kila ninapomwona mkubwa serikalini ameshika jembe la kung'oa yaliyopandwa zamani, natamani kumuuliza: mzee, wako ni upi?