Madishi Yaliyotazama Magharibi

Mtaani walimwita Digrii, na jina lenyewe lilianza kwa utani. Alisoma mpaka darasa la saba akaishia hapo, lakini akishakuwa juu ya bati akielekeza dishi la runinga, spana mkononi, maneno yake ni hayo hayo: "Sogeza digrii mbili. Rudisha nusu. Hapo hapo." Wenye shahada zao walikuwa wakisimama chini wakimshikia ngazi, na mmoja wao ndiye aliyesema kwamba mtaa mzima hakuna mwenye digrii nyingi kama fundi huyu. Jina likamganda kama lami.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia anakujibu huku anaangalia viatu vyako. Mkewe alipenda kusema kwamba ameolewa na bubu mwenye ngazi. Juu ya paa tu ndipo aibu ilipomtoka, maana huko hakuna wa kumtazama machoni.

Miaka ishirini ya kupanda mapaa ilimpa ujuzi ambao hakuuomba. Akipita njiani alikuwa akiyasoma madishi kama wengine wanavyosoma mabango. Dishi likitazama mashariki, nyumba hiyo ni ya mpira na tamthilia. Likitazama magharibi, limelala kidogo, hiyo ni setilaiti ya bure: masomo ya shule, kwaya, mapishi, na katikati yake, kama jiwe ndani ya mchele, kituo kimoja kilichoitwa Kengele.

Kengele ilianza kama vituo vingine, kwa muziki na habari. Baadaye akaja mtangazaji ambaye watu walimbandika jina la Mpole, kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Alikaa mezani na glasi ya maji, akaeleza taratibu kwamba taabu zote zimeletwa na watu wa ng'ambo ya mto, yaani familia ambazo babu zao walihamia hapa zamani. Mwanzoni aliwaita wageni. Ulipopita mwaka akawaita kupe. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika, na wengi walibadilisha chaneli. Digrii aliendelea kufunga madishi. Maneno ya kwenye runinga yana wenyewe, alijiambia. Kazi ya fundi ni picha isikatike.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alikuwa juu ya bati la mteja, ametundika shingoni kitivii chake cha kupimia, kidogo kama daftari. Mawimbi yaliposhika, sura ya kwanza kutokea ilikuwa ya Mpole. Alikuwa anasoma karatasi. Alitaja maduka ya watu wa ng'ambo ya mto, moja baada ya jingine, na alipofika mtaa huu akasema: fundi cherehani, mlango wa kijani, mkabala na mashine ya kusaga, ana cherehani tatu, hulala nyuma ya duka na mkewe. Akanywa maji. Kisha akasema Jumamosi isiwakute wananchi wamekaa, wanajua la kufanya.

Huyo fundi cherehani Digrii alimjua vizuri. Suruali aliyoivaa pale juu ya bati ilishonwa naye. Walimwita Uzi kwa wembamba wake, na kwa miaka kumi na miwili wawili hao walikuwa wakitaniana kila walipoonana, Uzi akiongea na Digrii akicheka.

Mkono wake ulisimama juu ya nati.

"Vipi, imeshika?" mteja aliuliza kutoka chini.

"Imeshika," alijibu. Akakaza nati, akashuka, akaenda nyumba nyingine.

Alijiambia ni porojo tu. Alijiambia pia kwamba kumwendea mtu na kumwambia ametajwa ni kumtia hofu bure, na maneno yenyewe angeyaanzia wapi. Mtu mwenye aibu hakosi sababu ya kunyamaza.

Jumamosi ile walikuja watu sita wakavunja mlango wa Uzi. Walizipondaponda cherehani kwa nyundo, na alipojaribu kuikinga ya tatu, nyundo ilimwangukia mkono wa kulia. Vidole viwili havikunyooka tena.

Baada ya wiki moja ofisa wa mtaa alimwita Digrii ofisini kwake, chumba chenye meza ya kioo na feni isiyozunguka.

"Kaa, Digrii. Nina kazi ndogo, hata jasho haitakutoa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kengele imepigwa marufuku ya muda tangu juzi. Lakini marufuku haina ngazi. Wewe unayo. Nataka orodha ya kila nyumba ambayo dishi lake linatazama magharibi."

"Ya nini, mheshimiwa?"

"Ya nini tena? Tuwajue."

Digrii aliangalia kioo cha meza. "Yule bibi wa nyuma ya zahanati dishi lake linatazama huko. Anasikiliza kwaya tu. Na mwalimu mkuu, watoto wake wanafuata masomo ya hesabu."

"Wataeleza wenyewe wakiitwa."

"Wakishaitwa, nani atawaamini?"

Ofisa alitabasamu. "Naona leo umeota ulimi. Sikiliza, bwana. Kibali chako cha kazi kinaisha mwezi huu, na muhuri uko kwenye droo hii. Nakupa mpaka Ijumaa."

Baada ya siku tatu alikwenda kwenye mlango wa kijani, ambao sasa ulikuwa umezibwa kwa mbao. Uzi alikuwa ameketi kwenye stuli akijifunza kushona kifungo kwa mkono wa kushoto. Mkewe alikuwa anakata kitambaa sakafuni.

"Nimesikia umeombwa orodha," Uzi alisema, hata kabla ya kumkaribisha. "Na nimesikia unasuasua."

"Nani kasema?"

"Mtaa huu hata sufuria zina masikio. Waandikie, Digrii. Waandike wote. Na wao waonje kusomwa majina."

Digrii alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Walioshika nyundo ni sita. Uliwaona mwenyewe. Madishi yanayotazama magharibi ni sitini na kitu. Nikiandika sitini, wale sita watapotea humo kama sindano kwenye robota la mitumba."

"Maneno matamu. Vidole vyako vyote kumi unavyo."

"Kuna jingine, ndugu yangu." Safari hii hakuangalia viatu. "Nilimsikia. Siku ile anakutaja, nilikuwa juu ya bati, nikamsikia kwa masikio yangu."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Alhamisi?" Uzi aliuliza.

"Alhamisi, saa nne na dakika kumi."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaza nati."

Uzi aliigeuza sindano mkononi. "Siku mbili," alisema. "Siku mbili, Digrii. Hata mashine moja ningeitoa. Hata mke wangu ningemtuma kwa dada yake."

"Najua."

Hakuomba msamaha. Aliona kwamba kuomba pale pale ingekuwa kumwongezea mgonjwa mzigo. Akainuka aende zake, na ni mke wa Uzi aliyemzuia.

"Shemeji, hayo uliyoyasema hapa, unaweza kuyasema mbele ya watu?"

Akamweleza. Bodi ya utangazaji ingekaa baada ya siku kumi, iamue kama wakala wa Kengele nchini afungiwe kabisa na Mpole apelekwe mahakamani. Kituo kilikuwa kimeleta kanda ya siku ile, na ndani yake hakuna duka hata moja lililotajwa. Yeye na mumewe walikuwa wanatafuta mtu aliyesikia. "Nimebisha hodi nyumba ishirini," alisema. "Tangu habari ya orodha ianze, mtaa mzima hakuna anayejua hata kuwasha runinga. Nani akubali kwamba alikuwa anaangalia?"

Siku ya harusi yake Digrii alishindwa kutoa neno la shukrani. Kaka yake mkubwa ndiye aliyesimama kwa niaba yake. Watu wote walilijua hilo, na Uzi alilijua kuliko wote kwa sababu ndiye aliyemshonea suti.

"Nitasema," Digrii alisema.

Ijumaa alirudi kwa ofisa mikono mitupu.

"Orodha?"

"Sina, mheshimiwa. Kama lazima uandike mtu, niandike mimi. Madishi niliyafunga, nilisikia, nikanyamaza."

"Nakuuliza habari za nyumba, unaniletea toba." Ofisa alivuta droo, akautazama muhuri, akairudisha. "Basi ngazi yako utaanikia nguo."

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na ukifika mbele ya watu ukakwama?" Akasema hatakwama. Lakini kwa siku zilizobaki, kila asubuhi, alikuwa akisimama uani mbele ya tangi la maji akilisomea ushahidi wake tangu mwanzo mpaka mwisho. "Leo limekubali?" mkewe alikuwa akiuliza kutoka jikoni. "Halijapinga," alijibu.

Ukumbi wa bodi ulikuwa na viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokoroma. Wakili wa Kengele alikuwa kijana nadhifu, na alianza kwa heshima zote.

"Mzee wangu, elimu yako?"

"Darasa la saba."

"Na leo umekuja kutufundisha uhuru wa kusema."

"Hapana. Nimekuja kusema nilichosikia."

Akakisema. Sauti ilitetemeka katika sentensi ya kwanza, ikatetemeka na katika ya pili, lakini hakuacha. Alitaja mlango, rangi yake, mashine ya kusaga, cherehani tatu, mahali pa kulala, Jumamosi. Kisha akatoa daftari lake la kazi, ambalo kila alipopata mawimbi aliandika siku, saa na nguvu yake. Sehemu ya majina ya wateja alikuwa ameibandika karatasi kwa gundi, ukurasa kwa ukurasa.

"Hiyo nyumba uliyokuwa juu yake ni ya nani?" wakili aliuliza.

"Nyumba siitaji. Mwenyewe alikuwa chini, hakuona kitu."

Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye miwani, aliinamia kipaza sauti chake. "Shahidi, unajua tunaweza kukulazimisha?"

"Najua, mama. Lakini mkimwita huyo kwa sababu tu dishi lake linatazama magharibi, kesho hamtapata shahidi mwingine popote."

Yule mama alilipokea daftari, akapapasa karatasi zilizobandikwa, akaangalia siku na saa. Akamwambia wakili aendelee na swali lingine.

"Mteja wangu alitoa maoni," wakili alisema. "Makali, nakubali. Lakini mtu asiseme kwamba hawapendi watu fulani?"

"Aseme. Mimi mwenyewe kuna watu siwapendi."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilimpa pumzi.

"Alipowaita wenzetu kupe niliudhika, nikabadilisha chaneli. Kama mtu ashitakiwe kwa hilo au asishitakiwe, wenye vitabu mtaamua, mimi sijui. Lakini ukishasema mlango ni wa kijani, na wanalala nyuma, na siku ni Jumamosi, hapo unaelekeza. Kazi yangu mimi ni kuelekeza. Nikiiona naijua."

Wakili alisema hana swali zaidi. Digrii alirudi kwenye kiti chake, shati limemganda mgongoni. Uzi alikuwa ameketi safu ya nyuma yake. Hakumshika bega wala hakumwambia ahsante, ila walipotoka nje alimngojea mlangoni, wakatembea pamoja mpaka njia panda.

Baada ya wiki mbili bodi ilimfungia wakala, na jalada la Mpole likapelekwa mahakamani. Ofisa wa mtaa hakutoa kibali. Na matangazo yenyewe hayakukoma, kwa sababu yalirushwa kutoka nchi nyingine na mbingu haina geti. Kiti cha Mpole alikikalia mwingine, naye alikuwa na glasi yake ya maji.

Digrii akaanza kutengeneza rimoti barazani kwake. Jioni, kazi ikiisha, alivaa shati safi akaenda nyumba alizozifungia dishi yeye, moja moja, kusimulia alichosikia na kuomba Kengele ifutwe. Kupanda kulihitaji muhuri. Kubisha hodi hakukuhitaji. Yule bibi wa kwaya alimpa rimoti kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu mkuu alimwambia ameshaifuta Kengele siku nyingi, akaona haya kidogo, ikaonekana hajaifuta, wakaifuta wote wawili. Mwingine alimfungia mlango. Mwingine alimwita kibaraka wa kupe, na Digrii akamjibu, "Nimekusikia," akaenda nyumba iliyofuata.

Jumatano alifika kwa kaka yake mkubwa, mwashi mstaafu, yule yule aliyemsemea siku ya harusi. Runinga ilikuwa imewaka. Yule mwenye glasi mpya alikuwa anaongea.

"Naona umekuwa mhubiri," kaka alisema bila kugeuka. "Ulikuwa husemi, sasa husemezeki."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usiguse rimoti yangu."

"Siigusi. Nimekuja kukwambia nilichosikia siku ile nikiwa juu."

"Mtaa mzima umeshanisimulia."

"Mimi sijakusimulia."

Akasimulia, amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Alisema na lile la nati. Kaka yake alisikiliza huku macho yakiwa kwenye runinga, na mwisho akasema mtu mzima haamriwi nyumbani kwake cha kuangalia.

"Kweli," Digrii alisema. "Siamrishi. Angalia. Siku akisoma mlango wa mtu, mwendee mwenye mlango siku hiyo hiyo, usifanye kama mimi."

"Na nikikataa?"

"Nitarudi Jumatano ijayo."

"Utakuta nimefunga."

"Nitabisha," Digrii alisema. Akaaga, akavaa viatu, akaelekea nyumba ya jirani.