Jiwe la Kilo Lililoolewa Mtanda

Nianze na upumbavu wangu, maana nusu ya shule mmeshausikia na mmeutia chumvi. Asubuhi ya Jumamosi iliyopita mama alinituma sukari duka la kona, nikakuta mlango umefungwa nusu na mtoto mkubwa wa mwenye duka amesimama kizingitini. Akaniambia baba yake amefariki. Alikaa kitini baada ya swala ya alfajiri, hakuinuka tena. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kaka, mwambie nimemwona anachungulia." Wasomaji wangu wa gazeti la ubaoni, nilikuwa na sababu. Yule mzee kila akiniona naingia alikuwa analaza kichwa kauntani, anafumba macho na kutangaza kwamba ameshakufa, niende nikawasumbue Wahindi wengine. Nilizoea kumfufua kwa shikamoo, naye anaitikia marahaba jicho moja likiwa bado limefungwa. Sasa nikayaona macho ya kaka yule, mekundu, na nyuma yake watu wanatandika mikeka. Nikarudi nyumbani bila sukari. Mpaka leo kichwa kinakataa. Mtu aliyekufa mara nyingi vile, anakufaje kweli?

Wengi hapa Mtanda mtamkumbuka kwa ubahili wa mifuko ya karatasi. Mimi namkumbuka kwa Idi iliyopita. Mdogo wangu ana usonji, hazungumzi, na sikukuu kwake ni adhabu: fataki, spika, gauni jipya linalowasha shingoni. Mama alikuwa amemnunulia mdoli anayeimba. Alimsikiliza mara moja, akamsukumia chini ya kitanda, na huko ndiko aliko. Nikapita na mdogo wangu dukani, mzee anagawa pipi na maputo kwa watoto, puto moja likapasuka. Mtoto akaanza kulia na kujipiga kichwa kwa kiganja. Kabla sijamshika, mkono wake ukafika kwenye mizani, akachukua jiwe la kilo, akalikumbatia tumboni. Kimya. Nilipojaribu kumnyang'anya aliniuma, alama ninayo. Mzee akasema nimwache, hiyo ndiyo Idi yake. Nikamuuliza sasa sukari atapimia nini. Akanijibu bila kucheka, "Jiwe limeolewa. Nusu mbili zitabaki kulea duka."

Tangu siku hiyo mdogo wangu alilala na jiwe la chuma kifuani, akalala kweli, na nyumba nzima ikalala. Darasani kwao ni hivyo hivyo. Mwenzake asiyeona aliletewa gari la kung'aa. Yeye akaligeuza matairi juu, akawa anazungusha gurudumu moja shavuni wiki nzima. Nikagundua kwamba zawadi nyingi tunanunua kwa ajili ya macho ya jirani, halafu tunamlaumu mtoto kwa kutofurahi. Mzee wa duka hakununua chochote. Aliona tu mkono wa mtoto umekwenda wapi.

Tatizo, wakati jiwe linatolewa, ukiacha watoto wa pipi, shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Mama aliamini limeazimwa, na kila alipotaka kwenda kuuliza, usingizi wa mtoto ulimziba mdomo. Siku ya maziko ikatangazwa, kama ilivyo desturi, kwamba mwenye amana ya marehemu aipeleke kwa warithi. Mama akarudi nyumbani amenuna. Nikamwambia si amana, alipewa. Akauliza mzee alisema maneno gani. Nikamwambia alisema jiwe limeolewa. Yalisikika kama maneno yangu kabisa, yangu mimi niliyecheka msibani, na hata mimi nisingeniamini.

Siku ya hitima akalifunga jiwe kwenye kanga, tukaenda. Mdogo wangu njia nzima alivuta ile kanga akitoa mlio mmoja usiokatika, watu wanageuka. Nimewahi kuchapwa mbele ya paredi nikatania. Siku ile utani ulinikauka. Mama akamkabidhi yule kaka, akamwomba radhi kwa kuchelewesha mali ya marehemu. Kaka akalipima mkononi, akauliza tumelitoa wapi, na mama akanyoosha kidole kwangu.

Kaka akakaa kwenye gunia la mchele. "Tulimuuliza baba jiwe la kilo liko wapi," akasema. "Akasema limeolewa Mtanda. Sisi tukajua uzee." Akacheka na machozi yanashuka, akachuchumaa, akaliweka jiwe mikononi mwa mdogo wangu, na mlio ukakatika. Kisha akamgeukia mama. "Halijafanya kosa, mama. Mbona mnalirudisha kwao?"

Nilichojifunza ni hiki: mzaha wangu huwa unakula hata ukweli wangu, na siku ukweli unapohitajika, si mimi ninayelipa. Nusura alipe mtoto asiyeweza kusema hata neno moja. Tulitoka dukani, mdogo wangu katangulia na jiwe lake. Tulipofika uani mama akasimama, akanishika bega.

"Mwanangu," akasema, "siku nyingine ukiwa unasema kweli, piga hodi kwanza."