Moshi wa Buluu Njia ya Mwadingusha

Katika jambo la lile gari sikumwona mtu wa kumheshimu, kuanzia mzungu aliyetuuzia mpaka mume wangu aliyelinunua.

Mzungu huyo alikuwa msimamizi wa kiwanda hapa Likasi, na mume wangu alikuwa karani wake. Uhuru ulipokuja, wazungu wengi walianza kukimbilia Rhodesia, naye akauza kila kitu kwa haraka, hata sufuria. Siku alipotajiwa bei ya gari, mume wangu alirudi nyumbani, mtaa wa Kikula, akicheka peke yake. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye haraka ya kukimbia hakimbii na gari lake mwenyewe.

"Mambo ya motokari haiko ya wanamuke," akanijibu.

Pesa, hata hivyo, zilikuwa za mwanamke. Nilikuwa nikinunua samaki kwa wavuvi wa Mwadingusha na kuwauza sokoni, na sehemu kubwa ya bei ilitoka kwenye samaki hao. Nilikubali kwa sababu nilichoka kupanda malori ya watu.

Safari yetu ya kwanza kwenda Mwadingusha ilinifungua macho. Tulipoanza kupanda kilima, nyuma yetu ukatoka moshi wa buluu, mzito, wenye kunuka, na watu wa miguu wakafunika pua wakitutazama. Tulipofika, mume wangu alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kilikuwa kikavu. Tangu siku hiyo nilibeba kopo la mafuta miguuni pangu kila safari, na kila kopo lilikula faida ya kikapu kizima cha samaki. Jumapili mume wangu alivaa tai na kutupeleka misa kwa gari, umbali ambao bibi kizee angeutembea bila kupumzika. Alifika kanisani akiwa amefukiza nusu ya parokia, naye akisalimia watu kwa mkono nje ya dirisha.

Akalipeleka gereji. Mwenye gereji alikuwa mtu wa hapa hapa, aliyekuwa akikaza boliti kwa tajiri wa kizungu hadi huyo naye alipokimbia. Alirithi banda, kiti cha kuzunguka na koti jeupe. Koti lilibaki jeupe siku zote. Hilo peke yake lingetosha kutuonya. Mlangoni alikuwa amechora bendera ya Katanga, misalaba ya shaba na yote.

"Moteri iko muzima," alisema bila kusimama. "Mafuta ya sasa njo mubaya. Bantu ya Léopoldville banatufungia njia."

Tangu Katanga ijitenge na serikali kuu ya Léopoldville, kila mvivu wa mji huu alikuwa amepata Léopoldville ya kumtwika uvivu wake. Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mahubiri.

Kwanza bwana huyo alibadilisha kabureta. Halafu akasema ni pete za pistoni, zile zinazozuia mafuta yasipande na kuungua. Alizieleza vizuri sana. Kueleza ndiyo kazi aliyoiweza. Tulimlipa pesa ya samaki wa msimu mzima. Gari likarudi na injini iliyooshwa ikang'aa, na mume wangu akamshukuru kwa mikono miwili. Siku chache hatukuona moshi. Kisha ukarudi, mzito kuliko zamani.

Safari hii nilifuatana na mume wangu gereji.

"Unionyeshe pete za zamani, zile ulitoa mu moteri," nilimwambia.

"Mama, nilisha kuzitupa."

"Ulizitupa wapi?"

Alimgeukia mume wangu. "Patron, unaacha bibi yako anasema hivi?"

Na mume wangu akaniambia niende kukaa ndani ya gari. Nilikwenda. Nilikaa nikiwatazama kupitia kioo, wanaume wawili wakipigana mabega na kucheka, mmoja mwizi, mwingine akifurahia kuibiwa.

Tulikuwa bado hapo askari wa Katanga walipoingia. Vita vilikuwa vimekaribia, nao walikuwa wakikusanya magari mjini. Mkubwa wao alionyesha letu na kuuliza kama ni zima. Mwenye gereji alinyoosha koti lake.

"Komanda, hii moteri minye mwenyewe nilitengeneza. Iko mupya kabisa."

Nilishusha kioo. "Inakunywa mafuta," nikasema. "Haitafika mbali."

Askari walicheka, wakaniteremsha na kuondoka nalo.

Kesho yake walikuja nyumbani kwetu na lori, wamembeba mwenye gereji. Injini ilikuwa imekwama njia ya Mwadingusha, na yule mkubwa alikuwa ametembea juani mpaka viatu vikageuka rangi. Mwenye gereji alikuwa amewaambia kwamba sisi ndio tulioharibu gari kwa mafuta mabaya.

"Nani anasema uongo hapa?" mkubwa aliuliza.

Mume wangu alitazama chini. Nikasema mimi, "Mumuulize ile pete mupya aliziweka wapi."

Mkubwa alimsogelea. Koti jeupe likarudi nyuma mpaka kwenye tairi la lori.

"Komanda, minye sikufungulaka ile moteri," alisema kwa sauti ndogo. "Hata siku moja. Nilitiaka mafuta ya nzito tu, moshi inapotea kidogo."

"Na pete?" nikauliza.

"Hakukuwa pete, mama."

Walimrudisha kwenye lori akavute gari kutoka barabarani.

"Masikini," mume wangu alisema lori lilipoondoka. "Atapata taabu."

Yule mtu alikuwa tayari kutufungisha, na huyu wangu alikuwa akimhurumia. Nilikuwa na maneno mengi, nikaona hayastahili kupotezwa kwake.

Gari hatukuliona tena, wala hatukulipwa. Juma lililofuata nilirudi Mwadingusha kwa lori la watu. Mume wangu alikuja kunisaidia, akawahi kiti cha mbele karibu na dereva, na njia nzima nilimsikia akimweleza mambo ya injini.