Namba Saba Inaitika

Padri aliyembatiza kule Igurwa aliwaambia wazazi kwamba Placidia maana yake ni mtulivu. Alikuwa padri mwema, ila unabii haukuwa fungu lake. Mtoto yule alilia mpaka maji ya ubatizo yakamkauka kichwani, akakua akigombana na mbuzi, na kaka zake, na mwalimu aliyempa jembe akapalilie bustani wakati wavulana wakifungua redio mbovu darasani. Hasira ndiyo iliyompeleka chuo cha ufundi Mwanza. Hasira ikamvusha miaka ya kiwanda cha nguo huko huko. Na mwaka wa zile mvua za El Nino, wakulima wa Nyabiyonza walipomwita aje awe fundi mkuu wa kiwanda chao cha kahawa, hasira ilirudi naye ndani ya basi, imekaa mapajani kama mkoba.

Kiwanda kilikuwa jengo refu la bati, na jenereta nyuma yake. Ndani mlikuwa na kikaushio, sanduku la chuma kubwa kama nyumba, lenye feni ya kupuliza hewa ya moto kwenye kahawa. Miaka mingine watu waliianika kwenye mikeka, jua likafanya kazi yake. Mwaka ule jua lilihama. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaenda kula, ikarudi. Kahawa mbichi ikalundikana kiwandani hadi milangoni, na kahawa mbichi ikilundikwa huchemka yenyewe kwa ndani, ikaota ukungu. Harufu yake ikishageuka, hakuna wa kuirudisha.

Katikati ya hayo radi ikapiga, draivu ya feni ikaungua.

Draivu ni kisanduku kinachoigawia mota umeme, iende pole au kasi. Kiwandani zilikuwepo kadhaa, zimepangwa kwenye kabati la chuma katika chumba cha umeme, zimeungwa kwa waya mmoja wa zambarau mpaka kwenye kompyuta, kila moja na namba yake. Kompyuta huita: namba tano, upo? Namba sita, upo? Inayoitwa huitika, ikapewa amri. Feni ilikuwa namba saba.

Draivu mpya ilifika kwa basi, imeviringishwa blanketi. Asubuhi hiyo Placidia alipoingia kwenye chumba cha umeme, alimkuta Mzee Elpidius amekwisha kuketi.

Huyu ndiye aliyekuwa fundi mkuu kabla yake. Yeye na wafadhili ndio waliofunga mitambo ile, waya kwa waya. Pasaka walimuaga kwa mbuzi, hotuba na pombe ya rubisi, watu wakalia. Jumatatu yake akarudi kazini. Hakuna aliyethubutu kumuuliza amesahau nini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Jenereta nimeshaiwasha."

"Jenereta nilisema isiwashwe mpaka nifike."

"Ndiyo maana nikakusaidia."

Placidia alimgeukia Nsabimana, mpakiaji aliyezaliwa hapo hapo Nyabiyonza kwa wazazi waliotoka Rwanda, mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko koleo lake. "Nsabimana, zima kila kitu. Ile iliyoungua itoe, hii mpya ifunge mahali pake. Mimi nakwenda kuangalia mkanda wa feni."

Aliporudi, mpya ilikuwa imekaa vizuri mahali pa ya zamani. Aliunga mota, akaunga waya wa zambarau, akapanga vile viswichi vidogo vikasoma saba. Kisha akaifundisha draivu ile mota iliyokabidhiwa: nguvu yake, umeme inaoweza kumeza, mwendo wake wa juu, na namna ya kupanda taratibu ili mkanda usikatike. Jenereta ikanguruma. Akatoa amri kwenye kompyuta.

Feni ilikohoa, ikajizungusha kidogo, ikasimama. Taa nyekundu.

Akarudia. Ikakohoa, ikasimama.

Alikagua mota, nzima. Alibana upya kila skrubu. Alifuta mafunzo yote akaanza mwanzo. Wakati mwingine namba saba ilionekana kwenye kioo cha kompyuta, mara ikatoweka, kama mtu anayeitika na kukana kwa pumzi moja.

"Dada, pengine haijui Kiswahili," Nsabimana alisema. "Ijaribu kwa Kinyambo."

"Nitakujaribu wewe kwa spana."

Mzee Elpidius alicheka kwa puani. "Mashine haitaki ugomvi, mwanangu. Mimi nilikuwa nakaa nayo kwanza, nainyamazia."

Mwenyekiti wa wakulima, Melkiory, akaingia na kofia iliyolowa. "Placidia, kahawa ya chini inaunguza mkono."

"Najua."

"Watu wapo getini. Kwa nini usimwachie Mzee kidogo?"

Hapo ndipo damu ilipompanda. Alipiga swichi, akaizima kabisa ile draivu mpya, akauchomoa na ule waya wa zambarau. Alitaka kumwambia Melkiory, basi, haya, mwachie. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye kioo.

Namba tano, ipo. Namba sita, ipo. Namba saba, ipo.

Alitazama draivu iliyokuwa mbele yake, imezimwa, imechomolewa. Akatazama tena kioo.

"Nani anaitika?" aliuliza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Nsabimana alirudi nyuma hatua.

Alipiga goti, akafungua mlango wa chini wa kabati, ule wa nyaya za akiba. Draivu iliyoungua ilikuwa imefungiwa humo, kwa skrubu, kwa unadhifu. Mota yake hakuna. Lakini umeme mdogo wa kabati ulikuwa umeungwa kichwani, waya wa zambarau umeungwa, na kijitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa. Kompyuta kila ilipoita namba saba, hii iliitika pamoja na ile, na maneno yakagongana njiani.

"Nsabimana."

"Dada, wewe ulisema niitoe, Mzee akasema nisiitupe, niihamishie chini. Mimi nifuate nani? Mna midomo miwili, mimi nina mikono hii tu."

Mzee Elpidius alisimama. "Imekufa mikono ya kusukuma mota tu. Kichwa kizima. Niliiacha kwenye waya ili nione inasema inaumwa nini, niitengeneze. Unataka kutupa kitu nilichokifunga kwa mikono yangu?"

"Mzee, kwenu Nyabiyonza mrithi hukalishwa kabla marehemu hajazikwa?"

"Placidia!" Melkiory alifoka. "Huyu ni baba yako!"

"Baba yangu yuko kaburini Igurwa. Huyu aliagwa kwa mbuzi niliyesikia nyote mlimla." Alikuwa ameshashika bisibisi. Alikata umeme, akaing'oa draivu ile, akampa mzee mikononi, nzito, na vumbi lake. "Chukua, Mzee. Nenda nayo nyumbani, ukaitengeneze. Nakuomba usirudi kesho."

Mzee alitoka, akaingia kwenye mvua akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Placidia aliunga upya, akaita namba saba. Ikaitika moja. Feni ilianza pole, ikapanda, ikapanda, hadi bati la jengo likaanza kutetemeka na hewa ya moto ikajaa harufu ya kahawa.

Lakini lundo la chini, lililosubiri ubishi wa siku nzima, lilitoka jeusi, lenye ukungu mweupe kama nywele za mzee. Lilikuwa la Mukakalisa, mjane wa upande wa Kituntu, aliyeliwahisha mapema ili likauke kwanza.

"Tuwaambie ni radi," Melkiory alinong'ona. "Radi haina ndugu wa kuitetea."

"Waambie wewe ni radi. Mimi nitawaambia ni watu."

Alitoka getini hana koti. Alimtafuta Mukakalisa kati ya vichwa vilivyofunikwa majani ya migomba, akamweleza, sauti yake ikipasuka kwa hasira: kwamba kiwanda kilikuwa na mafundi wakuu wawili na uongozi ukaona haya kumwondoa mmoja, kwamba neno la mmoja lilifuta la mwingine, mtambo ulioungua ukabaki nyuma ya mlango wa kabati ukiitika pamoja na mpya, kwamba kahawa yake imeoza kwa aibu ya watu wazima.

Mukakalisa alimsikiliza mpaka mwisho, maji yakimtiririka shingoni.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na huo mlango wa kabati mlimouweka ule mtambo, uko mbali?"

"Hapana. Ulikuwa miguuni pangu."

"Na wawili wote hakuna aliyeinama kuufungua mapema."

Hasira aliyoizoea Placidia tangu utotoni, iliyokuwa ikimpatia neno kila mahali, haikumpa hata moja. Mama yule alijifunga kanga yake vizuri, akapita getini, akaenda kuiona kahawa yake. Placidia alimfuata nyuma, akachukua koleo, akaanza kumsaidia kuitoa nje.